Kumbi za dansi za Dar es Salaam

Kumbi za dansi za Dar es Salaam ni majumba, baa na bustani za starehe ambamo bendi za muziki wa dansi zilitumbuiza hadhara, hasa kati ya miaka ya 1950 na miaka ya 1990. Miongoni mwa zilizojulikana zaidi ni Arnautoglo pale Mnazi Mmoja, Mlimani Park karibu na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, White House ya Ubungo, DDC Kariakoo, Vijana ya Kinondoni, Amana ya Ilala na Lango la Jiji la Magomeni.

Kumbi hizo zina nafasi ya pekee katika historia ya muziki wa Tanzania. Kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho bendi hazikuishi kwa kuuza santuri wala kaseti, bali kwa kiingilio cha mlangoni na mishahara ya waajiri wao. Wimbo ulizaliwa katika mazoezi, ukajaribiwa mbele ya wachezaji ukumbini, na uliokubalika ndio uliopelekwa redioni. Kwa hiyo jiji lilipobadilika na kumbi zikafungwa, kuhama au kugeuzwa matumizi, kilichopungua hakikuwa mahali pa kunywa na kucheza tu, bali karakana ya muziki wenyewe.

Neno "dansi"

Katika Kiswahili cha Tanzania "dansi" ni uchezaji wa watu wawili wawili au mmoja mmoja kwa kufuata bendi yenye magitaa, ngoma na ala za kupuliza. Kwa maana ya pili ni muziki wenyewe, unaoitwa pia "muziki wa dansi". Hutofautishwa na ngoma, inayopigwa kwa ala za asili, na taarabu, ambayo wasikilizaji wake wa zamani walikaa vitini na kusikiliza maneno. Neno "jazz" katika majina ya bendi nyingi, kama vile Western Jazz au Vijana Jazz, halimaanishi muziki wa jazz wa Marekani. Lilikuwa jina la heshima kwa bendi yoyote ya kisasa, na muziki uliopigwa ulikuwa zaidi wa asili ya rumba.

Chimbuko

Kabla ya dansi, vijana wa miji ya pwani walikuwa na beni. Ngoma hiyo iliiga bendi za kijeshi kwa magwaride, sare na vyeo, na ilianzia Lamu na Mombasa kabla ya kuenea Tanga, Dar es Salaam na bara. Dar es Salaam kulikuwa na makundi mawili yaliyoshindana, Marini na Arinoti. Marini lilihesabiwa kuwa la watu wenye hadhi, na Arinoti la watu wa kawaida. Ushindani wa makundi mawili yenye mashabiki wake ulirudi tena katika zama za dansi.

Dansi iliingia katika miaka ya 1920 na 1930 kupitia Mombasa na Tanga. Walioipokea kwanza walikuwa Waafrika waliosoma shule na kupata kazi za ukarani, ualimu na reli. Walijifunza mitindo ya Ulaya kama waltz na foxtrot, wakavaa suti na magauni, wakacheza kwa gramafoni pale ambapo hapakuwa na bendi. Dar es Salaam Jazz Band, moja ya bendi za mwanzo kabisa, iliundwa mwaka 1932. Katika miaka hiyohiyo santuri za muziki wa Kuba zilianza kuuzwa Afrika Mashariki, na mdundo wake ukawa msingi wa muziki wa dansi kwa miongo iliyofuata.

Mnazi Mmoja na Arnautoglo

Wakati wa ukoloni mji wa Dar es Salaam uligawanywa kwa rangi za watu. Wazungu walikaa upande wa bahari, Wahindi katikati, na Waafrika Kariakoo na vitongoji vya baadaye kama Ilala na Magomeni. Kati ya Uhindini na Kariakoo paliachwa uwanja wazi, Mnazi Mmoja. Pembezoni mwa uwanja huo ndipo ulipojengwa, katika miaka ya 1950, ukumbi wa jamii uliopewa jina la George Arnautoglu, mfanyabiashara na mkulima mwenye asili ya Ugiriki aliyetoa fedha za ujenzi. Wenyeji walilifupisha jina wapendavyo, wakasema Arnautoglo au Anatoglo.

Ukumbi huo ulikusudiwa uwe mahali pa mafunzo na burudani kwa Waafrika. Ukawa pia mahali pa dansi na pa mikutano ya watu waliokuwa wakidai uhuru. Kwa watu wa Kariakoo, ambao mahoteli ya mjini hayakuwa yao, lilikuwa jambo kubwa kuwa na sakafu nzuri ya kuchezea umbali wa kutembea kwa miguu tu.

Bendi za wakati huo zilikuwa vyama vya wanachama. Walichanga fedha, wakanunua ala, wakachagua mwenyekiti na katibu, na mara nyingi waliunganishwa na asili yao. Kilwa Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1958 chini ya Ahmed Kipande, ilikuwa na jina la kusini mwa pwani. Western Jazz ya mwaka 1959, chini ya Iddi Nhende, ilikuwa na watu wa magharibi mwa nchi. Mgeni aliyefika mjini bila ndugu aliweza kupata ndugu katika chama cha dansi.

Kumbi chini ya mashirika ya umma

Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 mfumo ulibadilika. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha bendi yake, NUTA Jazz, ambamo mwanamuziki alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara wa mwezi na ala zilikuwa mali ya chama. Mfano huo uliigwa na wengi. Polisi, Magereza, Jeshi la Kujenga Taifa na Jeshi la Wananchi walikuwa na bendi. Umoja wa Vijana ulianzisha Vijana Jazz mwaka 1971, Kiwanda cha Nguo cha Urafiki kikawa na Urafiki Jazz, Shirika la Usafiri Dar es Salaam likawa na UDA Jazz, na Shirika la Bima likawa na Bima Lee.

Mashirika hayo yalimiliki au kukodi kumbi za kupigia. Kwa hiyo ukumbi ulijulikana kwa bendi yake, na bendi kwa ukumbi wake. Mtu alipouliza "leo Vijana wanapiga wapi?" mara nyingi alijua jibu: nyumbani kwao, Kinondoni. Kwa usiku mwingine wa juma bendi ilizunguka kumbi za vitongoji vingine ili kuwafuata mashabiki wasioweza kusafiri.

Utaratibu huu ulikuwa na faida na gharama zake. Mwanamuziki alipata mshahara hata ukumbi ulipokuwa mtupu, na bendi iliweza kuwa na watu wengi, wakiwemo wapiga tarumbeta na saksafoni ambao bendi ya mtu binafsi ingeshindwa kuwalipa. Lakini ala hazikuwa zake. Aliyeacha kazi aliondoka mikono mitupu, na nyimbo alizotunga zilibaki zikijulikana kwa jina la bendi.

Mlimani Park

Hakuna ukumbi ambao jina lake lilienda mbali kuliko Mlimani Park. Ulikuwa baa yenye bustani katika eneo la barabara ya kuelekea Chuo Kikuu, na jina lake lilitokana na "Mlimani", jina ambalo watu wa Dar es Salaam hukiita chuo hicho kwa sababu ya kilima kilipojengwa. Mwaka 1978 kampuni ya usafiri na teksi, Tanzania Transport and Taxi Services, ilianzisha bendi iliyopiga hapo, na bendi ikachukua jina la baa: Orchestra Mlimani Park.

Waanzilishi walikuwa wanamuziki waliokwisha kukomaa kwingine. Muhidin Maalim Gurumo, mwimbaji aliyekuwa NUTA Jazz tangu mwanzo wake, alijiunga pamoja na mpiga gitaa Abel Balthazar na mwimbaji Cosmas Chidumule. Mwimbaji Hassan Bitchuka aliungana nao. Michael Enoch, aliyeheshimiwa kwa jina la King Enoch, alitoka Dar es Salaam Jazz Band, akawa mwalimu wa wenzake katika gitaa na baadaye katika saksafoni. Kwa njia yake uzi wa bendi ya mwaka 1932 ulifika mpaka Mlimani.

Mtindo wa bendi uliitwa Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo, wenyeji wa eneo la Dar es Salaam, na kwa ukamilifu "Sikinde ngoma ya ukae". Wapinzani wao wakuu, bendi ya NUTA ambayo mwaka 1978 ilibadilika kuwa JUWATA, walichukua jina la ngoma nyingine ya pwani, Msondo. Magitaa ya umeme yalipigwa chini ya majina ya ngoma za kijijini, na watu hawakuona ajabu yoyote. Mpaka leo bendi hizo mbili hujulikana zaidi kwa majina hayo, Sikinde na Msondo, kuliko kwa majina yao rasmi.

Kampuni ya teksi haikudumu. Mwaka 1983 bendi ilichukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, lililokuwa chini ya mamlaka ya jiji na lililomiliki kumbi kadhaa, na jina likawa DDC Mlimani Park Orchestra. Ukumbi wa DDC Kariakoo ukawa moja ya ngome zake. Hivyo bendi iliyobeba jina la baa ya karibu na chuo ilizoeleka katikati ya Kariakoo, kilomita kadhaa kutoka kwenye mlima wa jina lake.

Mwaka 1985 ulikuwa mwaka wa mtikisiko. Gurumo, Bitchuka na Balthazar walihamia Orchestra Safari Sound ya mfanyabiashara Hugo Kisima, iliyopiga kwa mtindo wa Ndekule na kuwa na makao katika ukumbi wa Kimara. Wengi waliitabiria Sikinde kifo, lakini ilijaza nafasi na kuendelea. Safari Sound ilivunjwa na mwenye mali mwanzoni mwa miaka ya 1990, na wanamuziki wake wakatawanyika. Bendi ya mtu mmoja iliweza kulipa vizuri, lakini mwenyewe alipochoka, ukumbi ulinyamaza.

Kumbi nyingine na bendi zake

White House, Ubungo, ilikuwa makao ya Orchestra Maquis, bendi ya wanamuziki waliotoka Zaire (leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo) na kufika Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1970. Walikuja na mavazi, hatua za kucheza na upigaji wa gitaa uliowavutia vijana, kisha wakajifunza kutunga kwa Kiswahili. Mtindo wao uliojulikana zaidi ni Kamanyola. Maquis walijiendesha kama kampuni ya wanamuziki wenyewe, jambo lililokuwa nadra.

Remmy Ongala, aliyezaliwa Kindu mashariki mwa Kongo, aliitwa Dar es Salaam na Orchestra Makassy, kisha akawa kiongozi wa Super Matimila. Nyimbo zake juu ya umaskini na kifo zilimpatia jina la Dokta. Mwaka 1989 albamu yake Songs for the Poor Man ilitolewa Uingereza na kampuni ya Real World.

Katika mahoteli ya katikati ya mji kulikuwa na dansi ya namna nyingine. Bendi ya hoteli ilipiga kwa sauti ya chini zaidi, ikichanganya Kiswahili na nyimbo za kigeni kwa ajili ya wageni. The Revolutions, iliyokuwa na mizizi Tanga na iliyokuja kujulikana kama Kilimanjaro Band au Wana Njenje, ililelewa katika mazingira hayo.

Usiku ndani ya ukumbi

Ukumbi wa kawaida wa kitongoji haukuwa jengo la kifahari. Ulikuwa na ukuta kuzunguka kiwanja, jukwaa lenye paa, sakafu ya saruji ya kuchezea, meza na viti chini ya miti au vibanda, na kaunta ya vinywaji. Sehemu kubwa ilikuwa wazi juu, jambo lililofaa joto la Dar es Salaam na lililowafanya majirani wasikie muziki bila kulipa. Jikoni kulikuwa na nyama choma na chipsi. Mara nyingi mapato ya mlangoni yalikuwa ya bendi au mwajiri wake, na mapato ya vinywaji yalikuwa ya mwenye baa. Kwa hiyo wote wawili walihitaji bendi nzuri.

Wimbo wa dansi wa miaka hiyo ulijengwa kwa sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya polepole. Waimbaji walisimulia kisa cha ndoa iliyovunjika, jirani mchonganishi, mwana aliyewasahau wazazi au fedha iliyomharibu mtu, na wachezaji walicheza kwa utulivu huku wakisikiliza maneno. Kisha ilikuja sehemu iliyoitwa chemko. Mdundo uliongezeka kasi, gitaa la solo na la ridhimu yakajibizana, tarumbeta zikaingia, na watu waliokuwa wamekaa wakainuka. Redioni sehemu hii ilibidi ifupishwe. Ukumbini iliweza kuendelea kadiri wachezaji walivyotaka, na kiongozi wa bendi alitazama sakafu ili kujua lini amalize.

Mashabiki waliwatunza wanamuziki kwa kuwabandika noti usoni au kuziweka jukwaani, desturi inayopatikana pia katika ngoma na taarabu. Wimbo uliotunzwa sana ulirudiwa, na ulioachia sakafu tupu ulirudishwa mazoezini kurekebishwa. Ndiyo maana ni sahihi kusema kwamba wachezaji wa Dar es Salaam walikuwa wahariri wa nyimbo zao.

Mashindano yalikuwa makali. Sikinde na Msondo zilipokutana jukwaa moja, mji uligawanyika kama unavyogawanyika kwa Simba na Yanga. Wanamuziki walihama kutoka bendi moja hadi nyingine kama wachezaji wa mpira. Bitchuka peke yake alivuka mara kadhaa kati ya pande hizo mbili.

Wanawake ukumbini

Wanawake walikuwa wachezaji na wateja wa kumbi tangu mwanzo, lakini jukwaani walikuwa wachache. Jamii ilimtazama kwa shaka mwanamke aliyefanya kazi usiku katika baa. Miongoni mwa walioshinda kikwazo hicho ni Kida Waziri wa Vijana Jazz, aliyejulikana kwa wimbo Shingo Feni. Mara nyingi zaidi malalamiko ya wanawake yaliimbwa na wanaume waliojitia katika nafasi ya mke, kama katika wimbo Mume Wangu Jerry wa Mlimani Park. Nyimbo hizo ziliwapa wanawake waliokuwa ukumbini nafasi ya kusikia kero zao zikisemwa hadharani, ingawa si kwa sauti zao.

Ukumbi na redio

Mpaka miaka ya 1970 santuri za bendi za Tanzania zilitengenezwa Nairobi, Kenya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa mpaka mwaka 1983, na njia hiyo ikawa ngumu sana. Tanzania haikuwa na kiwanda chake cha santuri. Palibaki studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD), ambako bendi zilirekodi kwa ajili ya matangazo. Kwa hiyo msikilizaji wa Korogwe, Handeni au Songea aliweza kuujua wimbo kwa moyo bila kuwahi kuona santuri yake, kwa kuwa santuri haikuwepo. Njia za kuusikia zilikuwa mbili: redio, au kwenda ukumbini.

Kati ya njia hizo, ukumbi ulikuwa huru zaidi. Nyimbo za redio zilipitiwa maneno yake kwanza. Mfano unaojulikana ni Mambo kwa Soksi wa Remmy Ongala, uliohimiza matumizi ya kondomu dhidi ya UKIMWI wakati jambo hilo likionekana aibu kutajwa. RTD haikuupiga, lakini ulisikika kumbini na katika kaseti, na ujumbe wake ukawafikia watu waliokuwa katika hatari zaidi, yaani vijana wa usiku wa mjini.

Nje ya Dar es Salaam

Dar es Salaam haikuwa peke yake. Morogoro ilikuwa na Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Tabora na Dodoma zilikuwa na bendi zao. Tanga ilikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Jamhuri Jazz ilianza katika miaka ya 1950 kwa jina la Young Nyamwezi, na jina hilo linakumbusha kwamba mashamba ya mkonge ya Tanga yaliwaleta vibarua wengi kutoka Unyamwezi. Mkonge ulileta mishahara, mishahara ikaleta kumbi, na kumbi zikaleta bendi. Bei ya mkonge ilipoanguka na mashamba kudorora, bendi za Tanga nazo zilififia, na wanamuziki wengi wakafuata kazi Dar es Salaam. Kilichotokea baadaye katika jiji kuu kilikuwa kimetangulia kuonekana mikoani: ukumbi hauishi muda mrefu kuliko uchumi unaoulisha.

Mabadiliko ya jiji

Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu 272,821 mjini Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huo. Kupanuka huko kulibadilisha thamani ya ardhi. Bustani ya baa yenye miti na sakafu ya saruji, iliyokuwa pembezoni mwa mji mwaka 1978, ilijikuta katikati yake. Eneo la kati ya Ubungo na Mwenge lilipata maduka makubwa ya Mlimani City mwaka 2006. Barabara ya Morogoro ilipanuliwa kwa ajili ya mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kazi mwaka 2016. Kariakoo, nyumba za Kiswahili zenye vyumba sita na ua zilivunjwa moja baada ya nyingine kupisha maghorofa ya biashara.

Sababu za kiuchumi zilikuwa na nguvu sawa na za ardhi. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 na hasa miaka ya 1990, mashirika ya umma yaliuzwa, yalifungwa au yalipunguza matumizi, na bendi ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kukatwa. Mwaka 1993 sheria iliruhusu vituo binafsi vya utangazaji, na mwaka uliofuata Radio One na ITV zilianza. Muziki wa kigeni, disko na baadaye bongo fleva vilijaza masikio ya vijana. Mtu mmoja mwenye kompyuta na kipaza sauti aliweza kufanya kazi iliyohitaji watu kumi na tano jukwaani.

Dansi haikufa mara moja. African Stars, maarufu kama Twanga Pepeta, iliyoongozwa na Asha Baraka, ilijaza Mango Garden ya Kinondoni mwishoni mwa miaka ya 1990 na baada ya hapo. Kumbi kama TCC Chang'ombe na viwanja vya Leaders Club viliendelea kupokea maonyesho. Taarabu ya kisasa nayo ilichukua kumbi nyingi na kugeuza watazamaji wake kuwa wachezaji. Lakini idadi ya bendi zilizoweza kuishi kwa kupiga usiku minne au mitano kwa juma ilipungua sana.

Waliopata hasara kubwa ni wanamuziki wazee. Walikuwa wamelipwa kwa usiku waliopiga, si kwa nyimbo walizotunga. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, iliyounda Chama cha Hakimiliki (COSOTA), ilikuja mwaka 1999, wakati nyimbo nyingi zilikuwa zimekwisha kunakiliwa na kuuzwa mitaani kwa miaka mingi bila wenyewe kupata kitu. Gurumo alipostaafu mwaka 2013, baada ya zaidi ya miaka 50 ya kuimba, ilijulikana kwamba hakuwahi kumiliki gari. Mwimbaji wa kizazi kipya, Diamond Platnumz, alimzawadia. Gurumo alifariki Aprili 2014. Zawadi ile ilisifiwa na wengi, lakini ilikuwa pia kipimo cha jinsi mfumo wa kumbi ulivyowaacha watu wake walioujenga.

Urithi

Kumbukumbu za kumbi zimebaki kwa namna tatu. Ya kwanza ni bendi zenyewe. Sikinde na Msondo ziliendelea kupiga katika karne ya 21, zikiwa na wanamuziki vijana walioshika nafasi za waliotangulia. Mlimani Park ni jina la bendi kuliko la mahali, na wengi wanaolitamka hawakuwahi kuiona baa iliyolizaa.

Ya pili ni majina ya mitaa na vituo vya daladala. Katika Sinza kuna kituo kiitwacho Kwa Remmy, mahali alipoishi Remmy Ongala, aliyefariki Desemba 2010. Abiria wa leo hushuka hapo bila lazima ya kujua habari zake, lakini kondakta hulitaja jina lake kila siku.

Ya tatu ni kanda za RTD, ambazo sasa zimo mikononi mwa Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC). Kwa kuwa santuri zilikuwa chache, kwa nyimbo nyingi kanda hizo ndizo kumbukumbu pekee. Nyimbo kama Neema ya Mlimani Park zinaendelea kupigwa katika vipindi vya "zilipendwa", na sehemu yake ilitolewa nje ya nchi katika miaka ya 1990. Kanda za sumaku huharibika kwa joto na unyevu, na Dar es Salaam ina vyote viwili, kwa hiyo kuzihamisha katika mfumo wa dijitali ni kazi isiyoweza kungoja.

Kanda, hata hivyo, zimehifadhi dakika tano au sita za kila wimbo, kama ulivyopigwa studio bila watu. Chemko ndefu ya usiku wa Jumamosi, kelele za wachezaji na wimbo uliorudiwa kwa sababu umetunzwa havikurekodiwa kwa wingi. Hayo yamo katika kumbukumbu za waliokuwepo, ambao idadi yao hupungua kila mwaka. Kuwahoji na kuandika habari zao ni kazi iliyo wazi kwa wanafunzi wa historia, muziki na Kiswahili.